Fungu la Chombo

Mgeni mmoja niliyevuka naye kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani alimuuliza nahodha swali ambalo wageni wengi huuliza wakishapanda mashua: chombo hiki kina umri gani? Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri. Nahodha, kijana wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameibana kana ya usukani kwa mguu, mikono ikishughulika na demani, kamba ya tanga. Alifikiri kidogo.

"Mkuku ni wa tangu enzi za marehemu baba," alisema. "Mbao za ubavu wa kulia tumebadilisha mwaka juzi. Mataruma mawili ya omo ni ya mwaka jana. Tanga lina miezi minne." Akacheka. "Sasa wewe mwambie mwenyewe kina umri gani."

Nilimwambia. Mgeni akacheka naye, lakini jibu halikumtoka kichwani. Njia nzima alikuwa akizipapasa mbao kwa kiganja, zile kuukuu zilizogeuka kijivu kwa chumvi na zile mpya ambazo wekundu wake ulikuwa bado unaonekana chini ya mafuta. Mlango wa bahari kati ya Masoko na Kisiwani ni wa kilomita mbili hivi. Upepo ukikubali, safari haifiki nusu saa. Ilimtosha kugundua kwamba amekalia kitu ambacho hakijawahi kumalizika kutengenezwa.

Sura hii inahusu jibu la nahodha yule. Siku hizi kila mahali panapouzwa safari za baharini hutajwa utalii endelevu, na picha inayowekwa mbele ni tanga jeupe likiwa limejaa upepo. Tanga halichomi mafuta, kwa hiyo watu huliona tanga wakadhani hesabu imekwisha. Lakini chombo cha mbao kinakula mbao. Swali la kukiuliza ni moja: hiki kikifa, cha pili kitatoka wapi?

Mji wa pepo mbili

Ukishuka Kisiwani kitu cha kwanza ni Gereza, ngome ambayo msingi wake ni wa Wareno walioivamia Kilwa mwaka 1505, na kuta tunazoziona leo zilijengwa na Waomani karne nyingi baadaye. Upande wa bahari mawimbi yamekula sehemu ya ukuta, na mikoko imepandwa ili kuupunguzia pigo. Ukipanda ndani zaidi unafika Msikiti Mkuu, ulioanzishwa karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, na ukiambaa na pwani kuelekea mashariki unapanda kwenye Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman lenye bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Magofu haya, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ndefu ya kuyakarabati yakaondolewa humo mwaka 2014.

Waongozaji husimulia masultani. Mimi hupenda kuanzia kwenye upepo, maana ndio uliochagua mahali pa mji. Kaskazi huvuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kusi hushika zamu baadaye hadi Oktoba. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikanunua, kikarudi kwao kwa kusi ya mwaka uleule. Kikithubutu kwenda kusini zaidi kingeweza kuachwa na upepo, kikalala ugenini mwaka mzima. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, huko kusini, ilipandishwa na vyombo vya hapa hadi Kilwa, na Kilwa ikawa mlango. Hazina yake ilikuwa umbali ambao tanga liliweza kuufikia na kurudi.

Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Aliandika kwamba ulikuwa umejengwa kwa mbao. Msomaji wa leo, anayeijua Kilwa kwa mawe yake ya matumbawe, hushangaa. Lakini labda macho ya yule msafiri yalitua kwanza mahali ambapo macho ya baharia hutua: nyumba za watu wa kawaida, magati, na vyombo vilivyopwelewa ufukweni. Mawe yamebaki na yana walinzi, tikiti na vibao. Mbao zimekwenda. Katika lipu ya kuta za zamani hapa na Songo Mnara kuna michoro ya vyombo vyenye milingoti na matanga, iliyokwaruzwa na watu wasiojulikana, na hiyo ni karibu yote waliyotuachia mafundi waliobeba uchumi wote ule mabegani. Ufundi wao ulihifadhiwa kwa njia moja tu: kila chombo kilichokufa kilizaa kingine, na mkono mmoja ulifundisha mwingine.

Mzigo ulipohamia barabarani

Mnyororo huo haukukatika wakati wa Wareno, wala Waomani, wala Wajerumani. Umekuja kulegea juzi tu. Hadi mwanzoni mwa karne hii, aliyetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, Lindi au Mtwara kwa gari alisubiri kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, na msimu wa masika njia yenyewe iliweza kumezwa na tope. Bahari ndiyo iliyokuwa barabara. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa Rufiji, lami ikafuata, na mzigo uliozoea kupakiwa ngamani ukapanda lori. Hakuna wa kulilaumu daraja. Mgonjwa anayekimbizwa hospitali analishukuru. Ila jahazi lilipoteza kazi.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu, mvua ilikata barabara hiyo katika eneo la Somanga, na mikoa ya kusini ikabaki inatazama pengo la maji mahali palipokuwa na lami. Wazee wa pwani hawakushangaa. Barabara ni mgeni, bahari ni mwenyeji.

Leo vyombo vya mbao vilivyobaki Kilwa vina kazi mbili kubwa: kuvua, na kuvusha watu. Na hapo pana jambo ambalo mtalii haoni. Mashua ya kwenda Kisiwani ndiyo daladala ya kisiwa. Mgeni anapokodi chombo kizima ili apige picha bila vichwa vya watu, kuna mama mwenye kiroba cha unga na ndoo ya mafuta anayebaki mchangani akisubiri zamu nyingine, na maji yanakupwa. Nimeona mgeni akiulizwa kwa adabu kama mama huyo anaweza kupanda pamoja naye, akakubali, na safari ikawa tamu zaidi kwake kuliko ile aliyoilipia. Bora ingekuwa utaratibu kuliko bahati.

Somo kutoka bahari ya baridi

Mbali sana kaskazini, kwenye ghuba ya Skjálfandi nchini Aisilandi, kuna mji mdogo wa wavuvi unaoitwa Húsavík. Boti zao za zamani zilijengwa kwa mwaloni. Serikali ya huko ilipotaka kupunguza idadi ya vyombo vya uvuvi iliwalipa wenye boti waachane nazo, na boti nyingi za mbao ziliishia kuvunjwa au kuchomwa moto. Mwaka 1995 ndugu wawili wakaikarabati moja wakaanza kuwapeleka watu kutazama nyangumi. Kampuni yao, North Sailing, ilikusanya nyingine na nyingine. Mwaka 2015 wakaja na jambo jipya: merikebu yao ya matanga iitwayo Opal, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1951 kwa ajili ya uvuvi, iliwekewa mota ya umeme na betri. Tanga likishika upepo, maji yanayopita yanaizungusha rafadha, nayo inageuka kuwa jenereta na kurudisha chaji ndani ya betri. Chombo kinakaribia nyangumi kimya kimya, bila moshi.

Wakazi wa Lindi na Mtwara hawahitaji kwenda Aisilandi kuwaona nyangumi. Kati ya Julai na Oktoba, kusi ikivuma, nyangumi wenye mapezi marefu hupanda kutoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Lakini somo la Húsavík si nyangumi. Ni kwamba boti zile ziliokolewa zilipopata kazi ya pili baada ya ile ya kwanza kufa.

Sisi tuko mahali tofauti, na tofauti hiyo ni baraka. Kwao kazi ya kwanza ilikuwa imekwisha na iliyobaki ilikuwa kuokoa vilivyosalia. Kwetu mashua na ngalawa bado zinavua na kuvusha, na mafundi bado wanachonga. Utalii Kilwa hauhitaji kufufua maiti. Unatakiwa tu usimnyang'anye aliye hai pumzi yake, na umwongezee chakula. Huko Lamu mafundi wakiongozwa na Ali Skanda walionyesha mwaka 2018 kwamba ufundi huu unaweza hata kubadilisha malighafi: walishusha Flipflopi, chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na kufunikwa kwa vipande vya ndala, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Plastiki ilikuwa ngeni. Mikono ilikuwa ileile.

Nyundo inayolia kavu

Nilimkuta fundi kwenye mchanga wa Kilwa Kivinje, chini ya kivuli cha mwembe, amejipinda ubavuni mwa mashua iliyolazwa juu ya magogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, usikanyage pamba."

Alikuwa anatia kalafati. Alichukua uzi wa pamba uliolowekwa mafuta, akausokota kwenye paja, akauweka kwenye ufa kati ya ubao na ubao, kisha akaanza kuusukuma ndani kwa patasi butu na nyundo ya mti. Nilidhani anatazama. Alikuwa anasikiliza. Nyundo ililia kavu, tok tok, akaongeza uzi. Ikalia tena, na tena, hadi sauti ikawa nzito na fupi, kama ya mtu anayegonga kifua chake. "Umeshiba," alisema, akasogea kiganja kimoja mbele. Chombo kizima kinapita kwenye sikio lake, inchi kwa inchi. Baadaye sehemu ya chini ingepakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, ili kuwazuia wadudu wanaotoboa mbao, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda maisha yote ya chombo.

Nilimuuliza mbao anazipata wapi. Akanyoosha patasi kuelekea bara, si kwa mahali fulani, bali kwa nchi nzima ile ya milima. Mataruma, yaani mbavu za chombo, alinieleza, hayachongwi kutoka ubao ulionyooka. Hutafutwa matawi yaliyopinda yenyewe, maana mti uliojipinda ukikua una nguvu kuliko uliokatwa ukapindwa. Mlilana, mkoko mmojawapo, unafaa sana. Mbao za ubavu ni mninga au mkongo ukipatikana. "Zamani tulichagua mti," alisema. "Siku hizi mti unatuchagua sisi. Kilichokuja ndicho tunachopigilia."

Maneno hayo yalinipandisha Rondo. Ukitoka Lindi mjini kuelekea bara unapanda uwanda ulioinuka zaidi ya mita 800 juu ya bahari, wenye ukungu wa asubuhi ambao mtu wa pwani haamini kwamba uko mkoa uleule. Rondo ilisifika kwa mivule, na wakati wa ukoloni mivule hiyo ilipasuliwa kwa wingi. Sehemu ya ardhi ikageuzwa mashamba ya mitiki. Katika mabaki ya msitu wa asili, ambao sasa umehifadhiwa, anaishi komba wa Rondo, mnyama wa gramu kama 60 mwenye mkia unaofanana na brashi ya kuoshea chupa, na ni mmoja wa jamii ya nyani na komba walio hatarini duniani. Hajawahi kuona bahari. Lakini mgeni anayelala chali kwenye mashua akipiga picha tanga na mnyama huyu wanategemea kitu kimoja, yaani mti wa nchi ile uachwe ukomae kabla haujakatwa, na ukikatwa, mwingine uwe njiani.

Hili si ndoto, maana Kilwa yenyewe imeshalifanya kwa mti mwingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kumiliki msitu wake na kubaki na mapato yake. Shirika la Mpingo Conservation and Development Initiative, lenye makao Kilwa Masoko, lilivisaidia vijiji kupima misitu yao, kuhesabu miti na kupanga mavuno. Mwaka 2009 misitu ya vijiji kama Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Mti uliolengwa ni mpingo, ambao huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa na ambao huko Ulaya hutengenezewa klarineti.

Tazama basi mahali tulipofika. Mpiga klarineti wa London anaweza kuambiwa kijiji cha Kilwa ambako mpingo wa klarineti yake umetoka, na pesa iliyolipwa ikajulikana ilijenga nini. Mashua inayomvusha mtalii kwenda kwenye urithi wa dunia, katika Kilwa ileile yenye misitu hiyo, haijui ubao wake umetoka msitu gani wala kwa kibali cha nani. Mgeni analipa ili avuke kwa njia ya asili, na pengine kila safari inaondoka na kipande cha msitu ambao hakuna anayeuhesabu.

Mgao

Wenye mamlaka wana kazi yao. Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, hukagua na kusajili vyombo, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo, magofu yako chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Fulana za kuokolea ziwe za kuvaliwa, si za kukaliwa. Kusi ikikaza, nahodha anayekataa kuondoka alipwe kwa hekima yake badala ya kunyimwa siku. Na kasi isihesabiwe kuwa ubora. Niliwahi kupelekwa kutazama samaki kwa boti ya mashine, tukafika kwa dakika chache, na nanga ikatupwa juu ya matumbawe tuliyokuja kuyatazama. Nilisikia yakivunjika. Nahodha wa tanga hulazimika kulisoma jiwe na maji kabla hajasogea, maana hana mashine ya kumtoa akikosea. Uangalifu wake ni sehemu ya kile anachokiuza.

Lakini jambo kubwa zaidi wavuvi wetu wanalijua tayari, hata kabla neno endelevu halijaingia kwenye Kiswahili. Chombo kikirudi na samaki, baada ya kuondoa gharama, kinachobaki hugawanywa kwa mafungu. Nahodha ana lake, kila baharia ana lake, wavu una wake. Na chombo kina fungu lake. Mbao hazili ugali, ila kila mtu pwani anajua kwamba chombo kisipokula leo, kesho hakuna atakayekula.

Utalii umekuja na mgao mwingine. Mara nyingi safari inauzwa mezani, mbali na pwani. Nahodha anapewa ujira wa siku, mabaharia wanaambulia bakshishi, na chombo hakipewi kitu. Ndiyo maana mashua nyingi zinazobeba wageni hubaki na viraka vya bati na plastiki, si kwa kukosa mafundi. Ninachopendekeza hapa hakina ugeni wowote. Safari ya mtalii igawanywe kama samaki. Fungu la nahodha, la mabaharia, la aliyemleta mgeni, na la chombo. Kisha tuongeze moja ambalo babu zetu hawakulihitaji kwa sababu miti ilikuwa haina hesabu: fungu la msitu, liende kwenye kijiji kilichotoa ubao, kwa utaratibu uleule ambao mpingo umeshauzoea. Mgeni aonyeshwe mgao huo waziwazi. Anayetoka mbali kuja kuona mawe ya karne ya 14 hatakasirika kuambiwa sehemu ya nauli yake itakuwa taruma mwaka kesho.

Na fundi apewe mwanafunzi. Sikio lile la Kivinje haliwezi kuandikwa kwenye ripoti. Linarithishwa kwa mtu kukaa mchangani miaka mitano akikosea, akirekebishwa, hadi siku atakayosikia mwenyewe kwamba uzi umeshiba. Chombo kimoja kipya kikiagizwa kila mwaka kwa ajili ya wageni, kikajengwa hapa kwa mbao zenye cheti, kitawalisha wanafunzi hao kuliko semina kumi.

Tuliporudi Masoko jua lilikuwa limeshaelemea magharibi na maji yanajaa tena. Mgeni alilipa. Nahodha alikaa kwenye shetri akazihesabu noti mbele ya mabaharia wake wawili bila kuficha, akampa kila mmoja sehemu yake, akatia yake mfukoni. Zilizobaki alizikunja akazitumbukiza kwenye kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kamba chini ngamani, pembeni mwa upo wa kufulia maji.

Nilimuuliza hizo ni za nani.

Aligonga kwa kifundo cha kidole zile mbao kuukuu za kijivu. "Za ubavu wa kushoto," alisema.